Doa la Kwanza Lisikufumbe Macho: Mwongozo wa Picha ya Ubongo Pale Vimelea na Virusi Vinapoingia Pamoja

Mgonjwa mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga, zimeshuka chini ya 100 anapoletwa na degedege, kosa ninaloliona mara nyingi hutokea baada ya msomaji wa picha kupata alichokuwa akikitafuta. Anafungua CT, picha ya ubongo ya eksirei ya vipande, anakuta pete inayong'aa ndani ya ubongo, anaandika "toksoplazimosisi" (kwa kifupi tokso, ugonjwa wa kimelea Toxoplasma gondii), anafunga faili na kurudi kwenye foleni. Kumbe pembeni kuna vidoa vya chokaa vilivyoachwa na tegu, na nyuma kuna sehemu nyeupe ya ubongo inayoliwa na virusi vya JC. Dawa ya tokso inaanzwa, pete inanywea, lakini mgonjwa anazidi kupoteza uoni na degedege halikomi. Wodi nzima inashangaa.

Sote tulifundishwa kuzitafutia dalili zote ugonjwa mmoja. Kwa kijana mwenye kinga nzima kanuni hiyo inafaa. Kwa mtu ambaye VVU vimemwachia mlango wazi, wageni huingia kwa makundi. Mwongozo huu nimeuandikia daktari wa zamu, tabibu na mtaalamu wa mionzi wa hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ndugu wa mgonjwa wanaweza kuusoma ili waelewe kwa nini daktari anadai picha ya pili, ila dozi zilizomo si za kujitibu nyumbani.

Nitamtumia mgonjwa mmoja wa kutunga. Ni mwanaume wa miaka 38, mkulima na mfugaji wa nguruwe kutoka Mbozi, mkoani Songwe. CD4 zake ni 46, na aliacha dawa za kufubaza VVU mwaka mmoja uliopita. Amepatwa na degedege mara mbili, mkono na mguu wa kulia vimelegea, na mkewe anasema kwa wiki tatu amekuwa akijigonga kwenye fremu ya mlango, upande wa kushoto tu.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupiga

Anza na Septrini (kotrimoksazoli). Mtu anayeimeza kila siku bila kuruka hana uwezekano mkubwa wa kupata tokso, kwa kuwa dawa hiyohiyo inayomkinga na nimonia ndiyo inayomzuia Toxoplasma gondii asiamke. Ukijibiwa "namezaga", uliza vimebaki vidonge vingapi kwenye kopo. Swali la paka mimi huliuliza kwa mazoea tu. Paka wapo kila mtaa, nyama isiyoiva sawasawa ipo kila kilabu, na wengi waliobeba kimelea hiki walikipata zamani bila kuugua. Kimelea hulala kwenye misuli na ubongo, kikisubiri CD4 zishuke.

Swali la nguruwe lina uzito zaidi, na mara nyingi mwenye majibu ni mama wa mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nguruwe wenu mnawafungia bandani au wanazurura?"

"Mazao yakiwa shambani tunawafunga. Tukishavuna wanajitafutia wenyewe."

"Na choo?"

"Choo kilikuwepo. Mvua imekibomoa."

Hapo tayari najua nitatafuta nini kwenye picha. Ila tusiteleze kwenye jambo moja ambalo hata watumishi wa afya hulikosea: kula nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi humpa mtu tegu wa tumboni. Vifuko vya tegu vya kichwani hutokana na kumeza mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu huyo. Kwa hiyo asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kuwa na vifuko kichwani, ikiwa mpishi wake au jirani yake ana tegu tumboni na hanawi mikono. Usimwondoe mgonjwa kwenye orodha kwa sababu ya dini yake.

Maeneo yenye tatizo hili yanajulikana. Kwa Tanzania kuna Mbozi na nyanda za juu kusini, na kuna Mbulu, ambako Andrea Winkler na wenzake, wakiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, walitumia CT kuonyesha kwamba baadhi ya watu wanaoishi na kifafa vijijini wamebeba makovu ya tegu ubongoni. Upande wa Kenya kuna Busia. Burundi nayo imeandikwa kwa muda mrefu.

Uliza pia tarehe ya kuanza au kurudia dawa za VVU, tarehe yenyewe, si "hivi karibuni". Utaona chini kwa nini. Uliza kama amemeza dawa ya kichocho siku za karibuni, kwa sababu prazikwanteli inayogawiwa kwa ajili ya kichocho inaweza kuamsha degedege kwa mtu ambaye ana vifuko hai kichwani bila kujijua. Mwisho uliza kung'atwa na mbwa, hata kama ni miezi mingi iliyopita.

Wakati foleni ya CT inasogea, damu isikae bure. Pima sukari, malaria, kreatinini (kipimo cha figo), na antijeni ya kuvu aina ya kriptokokasi (CrAg) kwa tone la kidoleni, ambayo hujibu ndani ya dakika kumi hivi. Mkojo upelekwe kwa kipimo cha LAM cha kifua kikuu. Kingamwili za tokso zikipatikana, pima: zisipoonekana kabisa, tokso inashuka kwenye orodha ingawa haifutiki. Zikionekana, zimekuambia tu kwamba kimelea kiliwahi kuingia.

Hatua ya 2: Andika ombi linalosomeka

Fomu yenye maneno "CT kichwa, degedege" inamwacha msomaji gizani. Ya mgonjwa wetu ingekuwa hivi: "Miaka 38, VVU, CD4 46, hayupo kwenye dawa kwa mwaka 1, hamezi Septrini. Degedege mara 2, udhaifu wa kulia siku 9, anajigonga upande wa kushoto wiki 3. Nguruwe wanaozurura nyumbani. CrAg hasi. Kreatinini imeambatishwa. Swali: kuna madoa mangapi, ya umri gani, na je, ni salama kuchoma uti wa mgongo?"

Zingatia kwamba udhaifu uko kulia na shida ya kuona iko kushoto. Fomu pekee imekwisha kusema kwamba nusu zote mbili za ubongo zimeguswa, kabla mashine haijawashwa.

Hatua ya 3: CT au MRI?

Siku hizi hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania zina CT, na kwa swali letu CT si ndugu maskini. Chokaa cha tegu huonekana vizuri kwenye CT kuliko kwenye MRI (picha ya sumaku) ya kawaida, damu mbichi huonekana mara moja, na kazi yote inaisha kwa dakika chache, jambo la maana kwa mtu asiyetulia.

MRI inashinda kwenye mambo matatu: sehemu nyeupe ya ubongo, ubongo wa nyuma pamoja na shina lake, na vifuko vidogo vilivyojificha ndani ya vyumba vya maji. Doa ambalo CT inalionyesha peke yake, MRI mara nyingi hulikutia wenzake. Ukiweza kupata MRI moja tu kwa mgonjwa wa namna hii, itumie pale dalili moja imebaki bila maelezo baada ya CT. Wala usiidharau mashine yenye sumaku dhaifu. Mashine ya Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilikuwa ya tesla 0.35 tu, na ndiyo iliyobadilisha tunavyoielewa malaria ya ubongo. Nitarudi huko.

Hatua ya 4: Kupiga picha yenyewe

Kwenye CT, picha isiyo na dawa ya kontrasti, ile inayong'arisha madoa, hutangulia, kila mara. Nimeona vituo vikiruka hatua hii ili kuokoa muda: dawa inachomwa moja kwa moja, na baadaye hakuna anayeweza kusema kama kidoa cheupe ni chokaa, ni damu au ni dawa. Picha ikishaharibika hivyo, inabidi mgonjwa arudi tena kulipa.

Baada ya hapo toa dawa ya kontrasti yenye ayodini, ukishaona kreatinini. Wengi wa wagonjwa hawa wamewahi kutumia tenofoviri ya VVU, wengine wametoka kutibiwa kwa amfoterisini ya kuvu, na zote mbili huumiza figo. Figo zikiwa zimeshuka sana, kiwango cha kuchuja chini ya 30, zungumza na daktari bingwa kwanza. Usipige mara tu dawa inapoingia. Pete za maambukizi hujaa taratibu, hivyo subiri kama dakika tano. Subira hiyo haigharimu chochote, na inaokoa pete nyembamba ambazo zingepotea.

Kwenye MRI omba angalau mifuatano hii, yaani namna za kupiga: T1, T2, FLAIR, difyusheni (inayoonyesha mwendo wa maji ndani ya tishu), mfuatano unaonasa chokaa na damu, kisha T1 baada ya gadolini, dawa ya kung'arisha ya MRI. Muda ukibana, usiiache difyusheni. Inachukua dakika moja au mbili tu, na hutenganisha jipu la bakteria, limfoma na tokso kuliko mfuatano mwingine wowote wa peke yake.

Mgonjwa aliyepatwa na degedege leo asiingizwe chumbani bila dawa ya kulizuia kuwa tayari mkononi na mtu wa kukaa naye. Kichwa kikicheza, picha yote ni moshi.

Hatua ya 5: Soma mara tano bila kutaja jina la ugonjwa

Hapa ndipo kazi ilipo. Pitia picha yote mara tano, kila mara ukitafuta kitu kimoja tu. Jina la ugonjwa lisitoke mdomoni wala kwenye kalamu hadi mzunguko wa tano uishe. Mwanzoni itakukera. Baada ya picha thelathini hivi mkono utazoea.

Mzunguko wa kwanza ni wa hatari. Mstari wa kati umesogea? Ukivuka milimita 5, piga simu wodini kabla hujaendelea. Vyumba vya maji vimevimba? Mifereji ya juu ya ubongo imefutika? Nafasi zinazozunguka shina la ubongo zimebaki wazi? Majibu haya ndiyo yanayoamua kama mgonjwa anaweza kuchomwa uti wa mgongo.

Mzunguko wa pili ni wa chokaa, kwenye picha isiyo na dawa. Pima ung'avu wa kidoa: chokaa kwa kawaida huvuka vizio 100 vya Hounsfield, damu mbichi hukaa chini ya hapo. Hesabu vidoa vyote na uandike vilipo. Msomaji mwenye haraka huviita "vya zamani, havina maana", lakini kidoa cha chokaa cha tegu kinaweza kuzungukwa na maji na kuleta degedege hata miaka mingi baada ya mdudu kufa. Kama kuna utando wa maji ukikizunguka, huo ni ugonjwa wa leo.

Mzunguko wa tatu ni wa pete na vifuko. Kwa kila kimoja andika ukubwa, mahali, unene wa ukuta, maji yanayokizunguka, na kama ndani yake kuna kidoa. Kifuko hai cha tegu kina maji yanayofanana na ya uti wa mgongo, ukuta mwembamba, kidoa kimoja ndani ambacho ni kichwa cha kiluwiluwi, na pembeni yake pakavu kabisa. Mdudu akianza kufa, ukuta hunenepa na kung'aa, maji huzuka pembeni. Kisha hujikunja kuwa kinundu, na mwisho huwa chokaa. Ukikuta hatua mbili au tatu tofauti kwenye ubongo mmoja, hiyo yenyewe ni dalili nzito ya tegu.

Mzunguko wa nne ni wa sehemu nyeupe, na ndio unaorukwa kuliko yote. Kwenye CT punguza dirisha, yaani masafa ya weusi na weupe yanayoonyeshwa, liwe upana 40 na kitovu 40, uangalie giza lisilo na msukumo. Jiulize: giza hili lina usawa kushoto na kulia, au liko upande mmoja? Limefika mpaka chini kabisa ya gamba la ubongo, au limekaa kuzunguka vyumba vya maji? Linasukuma chochote? Giza kubwa lisilosukuma kitu linapaswa kukushtua, kwa sababu uvimbe wa maji unaozunguka tokso husukuma.

Mzunguko wa tano ni wa kuta za vyumba vya maji na utando wa ubongo, hasa chini, baada ya dawa.

Hatua ya 6: Sasa taja majina, ila kwa wingi

Tokso hupenda viini vya kijivu vilivyo ndani ya ubongo, na mpaka wa sehemu ya kijivu na nyeupe. Pete zake mara nyingi ni zaidi ya moja, nyingi za sentimita 1 hadi 3, zenye maji mengi pembeni. Ukiona pete yenye kinundu kidogo kilichogandamana na ukuta wake upande mmoja, umeipata alama inayoelekeza kwenye tokso kuliko nyingine, lakini usiisubiri, maana wagonjwa wengi hawanayo.

Mshindani wake mkubwa ni limfoma ya ubongo, ambayo kwa mtu mwenye VVU husukumwa na virusi vya Epstein-Barr. Hujitokeza mara nyingi CD4 zikiwa chini ya 50. Ni doa moja mara nyingi zaidi, huvuka sentimita 4, hugusa kuta za vyumba vya maji au huvuka daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, na kwenye CT isiyo na dawa hung'aa kidogo kwa kuwa seli zake zimesongamana. Vitabu vingi husema limfoma hung'aa yote bila shimo katikati. Kwa mtu mwenye kinga nzima, sawa. Kwa mwenye VVU katikati huoza, nayo ikawa pete. Hapo ndipo wengi hupotea.

Virusi vya JC huleta ugonjwa unaoitwa kwa kifupi PML. Hula ala nyeupe ya nyuzi za neva. Kwenye MRI ni giza kwenye T1 na mwangaza kwenye T2, upande mmoja zaidi ya mwingine, ukipanda hadi nyuzi fupi zilizo chini ya gamba la ubongo, bila msukumo, na kwa kawaida bila kung'aa baada ya dawa. Nyuma ya kichwa hushambuliwa sana, ndiyo maana wagonjwa hupoteza nusu ya uoni. VVU vyenyewe navyo huharibu sehemu nyeupe, lakini kwa usawa kushoto na kulia, katikati zaidi, vikiziacha zile nyuzi fupi, na ubongo mzima husinyaa. Sitomegalovirusi hung'arisha kuta za vyumba vya maji.

Kifua kikuu si kimelea wala virusi, lakini kwa Afrika Mashariki hakiombi ruhusa ya kuingia kwenye orodha. Utando wa chini ya ubongo ukiwa unang'aa na vyumba vya maji vimevimba, anza kukifikiria kabla ya vingine. Kriptokokasi huacha vishimo laini kama povu la sabuni kwenye viini vya ndani, na hung'aa kidogo tu.

Hatua ya 7: Fanya hesabu ya dalili na madoa

Chukua karatasi. Upande mmoja andika dalili, upande wa pili andika madoa, kisha yaunganishe. Dalili isiyo na doa inamaanisha hujamaliza kusoma, au unahitaji MRI. Doa lisilo na dalili liandike hivyohivyo, lisipotee.

CT ya mgonjwa wetu ina pete ya sentimita 2.4 kwenye viini vya ndani vya kushoto, yenye maji na msukumo. Inaeleza udhaifu wa kulia. Kuna vidoa vinne vya chokaa, kimoja chini ya gamba la mbele kulia kina utando wa maji. Kinaweza kueleza degedege, ingawa pete nayo inaweza. Ukisimama hapo, ripoti ni nzuri na inaonekana imekamilika. Lakini mlango anaojigonga upande wa kushoto haujapata doa. Rudi mzunguko wa nne, dirisha jembamba: nyuma kulia kuna giza lisilosukuma kitu. MRI ikaonyesha limepanda hadi chini ya gamba, halina mng'ao.

Vimelea viwili na virusi viwili, kwa mtu mmoja: tokso, tegu, JC, na VVU vilivyowakaribisha. Tegu pekee ndiye ambaye hakuhitaji mwaliko.

Hatua ya 8: Maji ya uti wa mgongo, dawa, na kile ambacho dawa itafanya kwenye picha

Kama mzunguko wa kwanza haukuonyesha hatari, maji ya uti wa mgongo yana msaada. Kipimo cha vinasaba cha tokso kikiwa chanya kinaaminika sana. Kikiwa hasi hakijakuondolea kitu, kwa sababu hukosa karibu nusu ya wagonjwa. Vinasaba vya JC na Epstein-Barr vinapatikana kwenye maabara chache tu, ila ombi likiwezekana, liombwe.

Pale vipimo hivyo visipopatikana, tiba ya tokso ndiyo kipimo. Pirimethamini na salfadiazini zikiwa hazipo, Septrini ya dozi kubwa inafanya kazi hiyo: miligramu 5 za trimethoprimu kwa kila kilo ya mwili, mara mbili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni vidonge viwili vya miligramu 960 asubuhi na viwili jioni, kwa wiki 6, halafu dozi ndogo ya kuendelea. Angalia figo, potasiamu na vipele.

Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, iwe kwa msukumo unaotishia maisha tu. Limfoma hunywea kwa steroidi, na ukishampa mgonjwa huwezi tena kusema kwa uhakika ni dawa gani iliyopunguza doa. Steroidi zikihitajika kwa muda mrefu, fikiria minyoo ya strongiloidi, ambayo husambaa mwilini kwa mtu aliye juu ya steroidi, na mpe ivamektini. Kwa mgonjwa anayetoka misitu ya Kongo pima minyoo ya Loa loa kwanza, maana ivamektini kwa mwenye wadudu hao wengi damuni inaweza kuuathiri ubongo.

Chokaa hakihitaji dawa ya minyoo. Kinahitaji dawa ya kifafa. Vifuko hai hutibiwa kwa albendazoli, na vikizidi viwili huongezwa prazikwanteli, vyote chini ya kivuli cha steroidi, baada ya kupimwa macho, na kamwe si wakati ubongo umevimba au maji yameziba. Hakuna dharura ya kuua tegu. Dharura ni maji na degedege.

Kwenye dawa ya kifafa kuna mtego. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hushusha kiwango cha dolutegraviri, nayo ndiyo nguzo ya dawa za VVU za sasa. Levetirasetamu ni salama zaidi, valproati pia hufaa kwa mwanaume huyu. Nimewahi kumwona mgonjwa ambaye virusi vyake viligoma kushuka kwa miezi, na kisa kilikuwa kidonge cha kifafa alichoandikiwa kwa nia njema.

PML haina dawa yake. Tiba ni kurudisha kinga, yaani dawa za VVU. Kwa tokso huanzwa kwa kawaida ndani ya wiki 2 hadi 3, ilimradi umeondoa kriptokokasi na kifua kikuu cha utando wa ubongo, ambako kuharakisha huua.

Kwa mtoto: vimelea kwenye damu si jibu la ubongo

Mtoto aliyepoteza fahamu na malaria ikasoma, sote husema imempanda kichwani. Blantyre ilitufundisha adabu. Utafiti wa maiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba kati ya watoto 31 waliohesabiwa kufa kwa malaria ya ubongo, 7 walikuwa wamekufa kwa jambo jingine. Madaktari wa hapohapo walipopima maji ya uti wa mgongo ya watoto 513, kama robo walikuwa na virusi, baadhi yao wakiwa na malaria damuni wakati uleule. Tena kati ya vifo 26 vilivyokuwa vimeandikiwa malaria ya ubongo, 3 vilikuwa kichaa cha mbwa. Ndiyo maana niliuliza mbwa.

Kabla ya picha, angalia nyuma ya jicho. Mabaka meupe, mishipa iliyobadilika rangi na vidoa vya damu kwenye retina huelekeza kwenye malaria halisi ya ubongo. Yakikosekana, endelea kutafuta.

Kwenye MRI, swali la kwanza ni uvimbe. Katika utafiti wa Terrie Taylor na wenzake, wa hapohapo Blantyre, uliochapishwa mwaka 2015, watoto 168 walipigwa MRI. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo walipolazwa, wakati kati ya 143 waliopona walikuwa 39. Mifereji yote ikiwa imefutika, mtoto huyo ana ubongo unaokosa nafasi, naye anahitaji jicho la muuguzi muda wote. Tafuta pia kisichofanana na malaria. Mwangaza wa upande mmoja kwenye sehemu ya pembeni ya ubongo, karibu na sikio, ni virusi vya hepesi hadi ithibitishwe vingine, na asikloviri ianzwe pamoja na atesunati ya mshipa bila kusubiri maabara. Hakuna anayekulazimisha kuchagua mojawapo.

Hatua ya 9: Picha ya siku ya 14

Irudie kati ya siku ya 10 na 14 ya tiba, mapema zaidi akizidiwa, kwa mashine ileile, dirisha lilelile, dawa na dakika za kusubiri zilezile. Ziweke picha mbili ubavu kwa ubavu. Tokso inayotibiwa huwa imeanza kunywea. Kama haijatikisika, au imekua, na mgonjwa alimeza dawa kweli, rufaa ya upasuaji wa kuchukua kinyama iandikwe siku hiyohiyo.

Ikiwa dawa za VVU zimekwisha kuanzwa, tarehe niliyokuambia uiulize inafanya kazi sasa. Kinga inaporudi hushambulia kilichokuwepo: kingo za PML ambazo hazikung'aa huanza kung'aa na kuvimba kidogo, na kidoa cha chokaa kilichotulia hupata maji. Msomaji asiyejua tarehe ataandika "madoa mapya ya tokso, tiba imeshindwa", na mgonjwa atabadilishiwa dawa iliyokuwa ikimponya.

Ripoti ya mgonjwa wetu ya siku ya 14 ingesomeka hivi: "Ikilinganishwa na picha ya kwanza. Pete ya kushoto imepungua kutoka sentimita 2.4 hadi 1.5, maji na msukumo vimepungua, inalingana na tokso inayoitikia tiba. Vidoa vinne vya chokaa havijabadilika, maji ya kidoa cha mbele kulia yamepungua. Eneo la nyuma kulia halijapungua, halisukumi, halijaanza kung'aa, linalingana na PML. Dawa za VVU hazijaanza. Zikianza, picha ijayo ilinganishwe na hii, si na ile ya kwanza." Mpe mkewe nakala zote mbili kwenye CD, na juu yake andika tarehe kwa kalamu isiyofutika.